Kipimo cha usikivu kwa mtoto mchanga: kazi makini, ripoti isiyosomeka

Mwanetu aliugua manjano kali baada ya kuzaliwa, na daktari wa watoto akashauri apimwe usikivu kwa elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye ngozi ili kunasa umeme wa mshipa wa sikio na ubongo, si kwa kile kipimo cha haraka cha mwangwi wa sikio peke yake. Ushauri huo ulikuwa na msingi, kwa sababu kipimo cha mwangwi hukagua sikio la ndani tu, na mtoto aliyepata manjano anaweza kukipita vizuri ilhali mshipa unaopeleka sauti kwenye ubongo haufanyi kazi sawasawa.

Katika kliniki ya masikio tuliyokwenda, jijini Dar es Salaam, mtaalamu alimsafisha mtoto ngozi ya paji la uso na ya nyuma ya masikio, akambandika elektrodi, kisha akamwomba mama amnyonyeshe hadi alale. Kompyuta hutoa mlio mfupi mara elfu moja au zaidi, na kila mara hunasa umeme unaopita katika milisekunde 10 za mwanzo. Mwitikio wa mshipa na ubongo kwa mlio huo kwa kawaida haufiki mikrovolti moja, hivyo umeme wa misuli ya mtoto anayelia huufunika kabisa. Ni wastani wa rekodi hizo nyingi unaouibua. Katika mawimbi ya mwitikio huo ambayo watafiti Jewett na Williston waliyaeleza mwaka 1971, la tano ndilo linalofuatiliwa sauti inapopunguzwa hatua kwa hatua, mpaka lipotee.

Hapo ndipo nilipoiamini kliniki hii. Kila kiwango cha sauti kilirekodiwa mara mbili, na mistari ya rekodi hizo isipolingana kazi ilirudiwa. Mtoto alipoamka tukiwa kwenye sikio la kushoto, mtaalamu alizima mashine akangoja, ingawa foleni nje ilikuwa ndefu. Wengine wangeandika chochote wakamwita anayefuata.

Ripoti, kwa upande wake, inasikitisha: imejaa michoro na vifupisho, bila hata sentensi moja ambayo mzazi angeielewa. Tena mlio uliotumika huonyesha zaidi usikivu wa sauti nyembamba, za hezi 2000 hadi 4000, na kwa sauti nzito za hezi 500 tulitakiwa kurudi siku nyingine na kulipa upya, jambo ambalo hatukuambiwa tulipopanga miadi. Ningewapa nyota nne. Anayekwenda aulize mapema kama sauti nzito zitapimwa siku hiyohiyo, na ampeleke mtoto akiwa na njaa na usingizi.