Nilinunua visagio viwili, kimoja ndicho kilichobaki mezani

Vilifika kama vinavyofika vitu vyote Lamu: basi mpaka Mokowe, boti, kisha mkokoteni mpaka mlangoni kwangu Langoni. Kisagio cha chumvi na kisagio cha pilipili manga, vimesimama bega kwa bega ndani ya boksi kama bwana na bibi harusi. Shilingi 2,400 pamoja na nauli. Mavyaa akavitazama, akauliza, "Kwani kinu kimekukosea nini, mwanangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kinu cha bizari cha nyumba hii kilinitangulia kuingia humu, na kwa pilau sikibadilishi na kitu. Sufuria ya watu 12 huwezi kuisagia pilipili manga kwa kuzungusha kidude mkononi, utalala njaa. Shida yangu mimi ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Yai la asubuhi. Samaki wa kuchoma aliyekwisha toka jikoni, kakamuliwa ndimu, na sasa unataka punje nne tu juu yake. Utoe kinu kwa punje nne, utwange, kisha ukikung'ute? Ndiyo maana tulikuwa tukinunua ile ya unga ya pakiti, inayowasha tu wala hainukii.

Ukali wa pilipili manga na harufu yake ni vitu viwili mbalimbali. Ukali hudumu. Harufu imo katika mafuta mepesi yaliyofungiwa ndani ya punje, na punje ikishavunjwa mafuta hayo huanza kuruka. Pakiti iliyosagwa miezi mingi nyuma imebakiwa na ukali na vumbi. Siku ya kwanza nilikizungusha kile kisagio mara tatu juu ya yai, mume wangu akainua kichwa kutoka kwenye simu akauliza nimetia nini. Vipande vyeusi na vyeupe, vikubwa kwa vidogo, na harufu inayopanda puani kabla ulimi haujagusa kitu. Tangu siku hiyo pakiti haijaingia tena nyumbani.

Chenyewe kina kasoro zake. Nati ya juu ndiyo inayopanga ulaini: ukiikaza unga unatoka laini, ukiilegeza vinatoka vipande. Lakini nati hiyo hiyo ndiyo unayoifungua kujaza punje, kwa hiyo kila ukijaza unaanza upya kutafuta kipimo chako. Na kila ukikiweka mezani kinaacha duara la vumbi jeusi kwenye kitambaa. Nimekitafutia kisosi cha kikombe kilichovunjika, kinakaa humo. Kazi ya kusaga lakini kinaijua. Meno yake ni ya chuma, yana mikato ya mshazari inayoishika punje na kuipasua kwanza, kisha chini inamaliziwa. Hao Peugeot tunaowajua kwa magari walitoa kisagio chao cha kwanza cha pilipili manga mwaka 1874, kabla hawajaunda gari hata moja, na mpaka leo visagio vyao bado viko sokoni. Changu si chao, bei yao sikuiweza.

Sasa cha chumvi.

Wiki mbili za kwanza kilikuwa bwana harusi kweli. Nilikijaza chumvi ya waridi, ile ya mawe inayotoka Pakistan, kwa sababu inapendeza ndani ya kioo. Ilipoingia mvua ya mwaka nikakishika asubuhi moja, kikazunguka nusu kisha kikakwama. Nikakaza mkono, kikalia krrr, kikatoa tone la maji ya chumvi. Si chembe, tone! Nilipokifungua nikakuta meno yameshikana na uji mgumu mweupe, ikabidi niuchokonoe kwa kijiti cha mshikaki.

Chumvi hunywa maji ya hewani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huanza kulowa yenyewe, na sisi tuliozungukwa na bahari tunaupita unyevu huo usiku mwingi wa mwaka. Katika mkebe wenye kifuniko inastahimili. Katika kisagio chini kuko wazi, na ule unga uliobaki kwenye meno ndio wa kwanza kulowa. Kosa langu la pili lilikuwa kusagia juu ya sufuria inayochemka, mvuke wote ukipanda humo humo. Nikatia punje za mchele kama tunavyofanya kwenye kichupa cha chumvi, na siku ya pili tukala mayai yenye unga wa mchele.

Muuzaji nilimwandikia, akanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nilipotulia ndipo nikajiuliza, hivi chumvi nilikuwa naisagia nini? Ni jiwe, haina mafuta wala harufu ya kuruka. Ya kusagwa leo na ya kusagwa mwaka jana ladha ni moja, tofauti ni ukubwa wa chembe tu. Tena chumvi yetu ya dukani, ambayo nyingi yatoka kwenye mashamba ya Gongoni, huko kaskazini ya Malindi, imetiwa iodini kwa amri ya sheria, na ile ya waridi mara nyingi haina. Nimerudi kwenye kibakuli chenye kifuniko, natia kwa vidole, najua mkono wangu.

Ukishikilia kutaka cha chumvi, angalia meno yawe ya kauri, maana chuma cha kawaida huliwa na chumvi kikashika kutu. Tia chumvi ya mawe iliyokauka kabisa, usitie ile ya bahari yenye unyevu. Nikikuta nyumba yako ina eyasii, yaani kiyoyozi, labda tutaelewana. Cha betri shoga yangu anacho, kina na taa ya kumulika sahani, kinasaga kwa kelele ya bodaboda na betri nne hazifiki mwezi. Na vile vichupa vya dukani vilivyokuja na punje zake, meno mara nyingi ni ya plastiki, ukimaliza punje unatupa vyote.

Cha pilipili sikioshi kwa maji kamwe, nakisugua kwa mswaki mkavu na kukianika juani. Cha chumvi niliyakausha meno, nikakitia bizari nzima, na hiyo inasagika vizuri kwa kachumbari na mtindi. Kile cha pilipili Mavyaa bado anakiita "kile kidude", ila juzi nimemkuta anakizungusha juu ya kipande chake cha samaki changu, akitazama mlangoni kama mtoto anayeiba sukari.