Pa kutazamia futi ya Australia hapa Lamu: mahamri safi, intaneti ya kubahatisha, na ubishi wa North Melbourne usioisha

Watu wamekuwa wakiniuliza hii hoteli iko wapi, sasa wacha niandike yote hapa mara moja. Ukiwa Mkunguni mbele ya Ngome shika Njia Kuu kama unaenda Langoni, usifike mbali, kata kulia kichochoro kinachopanda, ukisikia harufu ya mahamri umefika. Bango hakuna. Ukipotea uliza tu wanapoonyesha mpira wa yai, hata watoto wa madrasa watakupeleka.

Mpira wa yai ndio futi ya Australia, ile ligi ya AFL. Kwa asiyeijua, uwanja wenyewe una umbo la yai na mpira pia, kila timu watu 18, milingoti minne kila upande, ukipiga katikati ya ile miwili mirefu ni pointi 6, ukipitisha pembeni unapewa pointi 1, mpira unadakwa kwa mkono na kupigwa kwa mguu, na mtu anaruka mpaka anapanda mabegani mwa mwenzake kuudaka na refa anaruhusu kabisa. Robo nne. Tazama robo mbili za mwanzo ushaelewa, usiogope.

Mwenye hoteli alianza kuionyesha kwa sababu ana jamaa zake Melbourne, na wao huko ni wa timu ya North Melbourne damu, kwa hivo ukiingia jambo la kwanza utaona skafu ya bluu na nyeupe imetundikwa juu ya meza ya birika za kahawa. Watu wa kudumu si wengi. Kuna mwalimu wa hesabati, kuna fundi wa majahazi anayetoka Matondoni, kuna ami mwenye duka la vitambaa, kuna kijana wa boti, halafu wageni wa Shela wanaokuja na kuondoka. Lakini kelele zao utadhani ni uwanja mzima.

Chakula kwanza, manake mwisho wa yote hii ni hoteli. Melbourne wametutangulia masaa saba msimu wa futi, kwa hivo mechi ya Jumamosi mchana kwao huku inaanza kama saa kumi na mbili na kitu asubuhi, yaani futi hapa inaenda na chai ya asubuhi. Mahamri yanatoka kwenye karai moja kwa moja, hayana mafuta mengi, iliki unaisikia, na mbaazi za nazi nzito kama inavotakiwa, si zile za maji maji unazopewa kwengine. Kahawa tungu inakuja ya moto kweli na anakuongeza bila kuuliza. Kwa mia moja na hamsini unashiba vizuri. Mechi za jioni kwao zinaangukia mchana kwetu na hapo mimi huchukua wali wa nazi na samaki wa kupaka, samaki ni wa siku hiyo, sijawahi kupewa wa jana, lakini agiza kabla robo ya kwanza haijaisha kwa sababu jikoni ni mtu mmoja na akianza kuchoma hakimbizwi. Juisi ya ukwaju chukua. Viazi karai viwache.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni utaratibu wa Ijumaa. Mechi ya Ijumaa usiku kule inaanza saa moja na dakika arobaini, hesabu, huku ni saa sita na dakika arobaini mchana, watu ndio wanaingia msikitini. Basi mwenye hoteli anazima TV, anafunga mlango, kila mtu anaenda Ijumaa, wakirudi anaweka mechi kutoka mwanzo na sharti ni moja tu, hakuna kushika simu. Mtu akitaja matokeo anatolewa. Nimeona mzee mzima anaambiwa kwa heshima zote, "Ami, samahani, toka nje, kahawa yako ntakuletea hapo barazani," na akatoka kwa sababu anajua sheria.

Na hiyo Ijumaa ndio inayomuuma mwalimu. Atakwambia hata kama hujamuuliza kwamba North ndio walioanzisha mechi za ligi za Ijumaa usiku, 1985, wakati timu kubwa hazikuzitaka, na leo usiku huo ukishakuwa dhahabu ratiba inawapa wakubwa, North wanaachiwa vipande vya wikendi. Mimi hapa niko na yeye mia kwa mia. Timu ikishuka hata kile ilichokibuni yenyewe kinachukuliwa, halafu watu wanashangaa mbona haina mashabiki wapya, watawapata wapi na hawaonyeshwi?

Sasa ubishi wenyewe. Kama umekuja kula tu unaweza kuruka hapa lakini ungekosa nusu ya sababu ya kuja. North wana makombe manne, 1975 na 1977 chini ya kocha Ron Barassi, halafu 1996 na 1999 Wayne Carey akiwa nahodha. Baada ya hapo hakuna kitu. Mtoano mara ya mwisho waliingia 2016. Kutoka 2020 ndio balaa kabisa, wa 17, wa 18, wa 18, wa 17, wa 17, halafu 2025 wa 16, na ligi nzima ina timu 18. 2023 walishinda mbili za mwanzo watu tukashangilia hapa mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi, kisha wakapoteza 20 mfululizo. Ishirini! Na watu walikuwa wanakuja kila wiki wanakaa wanatazama, wanakunywa kahawa, wananyamaza, wanarudi wiki inayofuata.

Fundi wa majahazi msimamo wake ni kwamba timu ihamishwe au iunganishwe na nyengine, basi. Na si mtu wa kuropoka, ana hoja. Anasema Melbourne peke yake ina timu 9, nusu ya ligi mji mmoja, haiwezekani zote zikashiba. South Melbourne walihamia Sydney 1982 na leo ndio Sydney Swans wanajaza uwanja. Fitzroy wakaunganishwa na Brisbane 1996, na Brisbane Lions imebeba 2001, 2002, 2003, halafu tena 2024 na 2025. "Si bora uhame ule kuliko ubaki ulie?" anauliza, anagonga meza, vikombe vinaruka.

Mwalimu anamsubiri amalize. Kisha anamkumbusha kwamba mwaka huohuo wa 1996 ni North yenyewe ilikuwa karibu kuungana na Fitzroy, ikashindikana, na msimu huohuo North ikachukua kombe. Anamkumbusha 2007, AFL walipotaka kuipeleka Gold Coast kwa ahadi ya mamilioni ya dola na North wakakataa, wakabaki, ligi ikaenda kuanzisha timu mpya huko, Gold Coast Suns, ikaanza kucheza 2011. Na Tasmania? North wamecheza baadhi ya mechi zao za nyumbani Hobart kutoka 2012 mpaka 2025, miaka yote hiyo watu wakisema haya sasa ndio wanahamia, lakini Tasmania washapewa timu yao wenyewe, Devils, inaingia 2028. "Sasa ihamie wapi," mwalimu anasema, "kisiwani Manda hapo ng'ambo?"

Mimi nasema hivi na nitasema tena nikikaa pale: kuhamisha timu si dawa ya kucheza vibaya. Ukiwabeba wachezaji walewale ukawapeleka mji mwengine watadaka mipira vilevile, na wale wazee wa Arden Street, nyumbani kwa North, waliokwenda uwanjani toka utotoni utakuwa umewatupa. Makombe ya Brisbane ni ya kweli, sikatai, lakini shabiki wa Fitzroy aliyeamka asubuhi timu yake haipo mtaani hakuulizwa. North wameulizwa wakasema hapana. Hiyo hapana iheshimiwe.

Kijana wa boti yeye anataka kocha aondoke. Alastair Clarkson alikuja 2023 na jina zito, makombe manne na Hawthorn, 2008 halafu 2013, 2014, 2015 mfululizo, na misimu mitatu imepita timu iko palepale mkiani. Ami wa vitambaa ndio anamjibu, taratibu, haachi kukunja kitambaa chake, "Mwanangu, Shaw kaondoka 2020, Noble kaondoka 2022, kila akiondoka mtu mnaanza upya, mtaanza upya mara ngapi?" Na hapo kijana hana jibu ila anageuza mada kwa Port Adelaide.

Manake kijana ni wa Port Adelaide, na sababu yake naiheshimu. Aliir Aliir, beki wao, alizaliwa Kakuma, kambini huko Turkana, akapelekwa Australia mtoto, akakua, 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Mtu aliyezaliwa Kenya hii! Kijana alipojua hilo akachagua timu palepale. Shida ni kwamba Port ndio waliomchukua Jason Horne-Francis, chaguo namba 1 la drafti ya 2021, yaani pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, North walimsubiri kwa mashaka yote ya kushika mkia, akacheza msimu mmoja akaomba kurudi kwao Adelaide. Hilo jina likitajwa hoteli inachafuka. Watu wazima wanaacha mbaazi zinapoa.

Kwangu mimi hapo ndio penye ugonjwa wenyewe, na si kocha. Kule timu ya mkiani inachagua vijana kwanza, na 2023 ligi ikawapa North hata nafasi za ziada, kwa hivo vipaji viko. Harry Sheezel msimu wake wa kwanza, 2023, akachukua tuzo ya kijana bora wa ligi na pia mchezaji bora wa klabu, mtoto ndio katoka shule. George Wardlaw, Colby McKercher, Finn O'Sullivan, wote chaguo za juu kabisa. Nick Larkey alifunga magoli 71 mwaka 2023 kwenye timu iliyoshinda mechi tatu, hebu fikiria angekuwa timu inayompelekea mpira. Kinachokosekana ni watu wa katikati, wale wa miaka 25 mpaka 28 wenye mwili ulokomaa, wa kuwaambia hawa vijana robo ya tatu mambo yakiharibika simama hapa, shika huyu. Kina Luke Parker na Jack Darling waliletwa 2025 na wamesaidia lakini wote wawili washapita 30. Vijana wakae pamoja misimu mingine miwili mitatu, asiuzwe mtu, asifukuzwe mtu. Haya mambo yana muda wake.

Na niseme jambo ambalo wageni hawalitarajii. Jumapili asubuhi msimu wa timu za wanawake ukianza ukumbi wa ndani unajaa kina mama wa mtaa, wengine wameleta watoto, na huko hakuna huzuni hata kidogo manake North ya wanawake ilichukua ubingwa 2024 bila kupoteza mechi, ikarudia 2025 vilevile bila kupoteza. Klabu hiyohiyo, jezi hiyohiyo. Bibi mmoja aliwauliza wanaume waliokaa mbele, "Mbona hawa kaka zao hawaji kusomeshwa hapa?" Ni swali zuri. Watu wanaosema klabu imeoza wangekaa ukumbi ule Jumapili moja wanyamaze.

Haya, mabaya. Intaneti inasumbua. Picha inakwama, na kwa nini inapenda kukwama robo ya nne wakati tofauti ni pointi nane sijui, unabaki unatazama mtu yuko hewani hajashuka dakika nzima. Mwenye hoteli amejaribu kampuni mbili, sasa ana ya tatu, imepungua lakini haijaisha. Stima ikikatika ana betri ya kuendesha TV na panka moja, zinatosha robo moja na nusu hivi. TV yenyewe imewekwa ikitazama mlango, kwa hivo kuanzia saa mbili asubuhi jua likishaingia kichochoroni upande wa kushoto huoni kitu, kaa kulia chini ya dirisha. Mabenchi hayana migongo na mechi moja inakaribia masaa matatu, ukiwa na mgongo mbovu beba mto, hakuna atakayekushangaa. Choo kimoja, kisafi. Pesa taslimu au M-Pesa zote anapokea.

Nampa nyota nne na nne zenyewe nimezipima. TV ikihamishiwa ukuta wa ndani na mabenchi yakipata migongo narudi hapa kubadilisha, na fundi wa Matondoni ameshasema migongo ataitia yeye kama atanunuliwa mbao.

Msimu unaanza Machi. Fainali kwa kawaida ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa moja na nusu asubuhi kwetu, na siku hiyo hawekewi mtu nafasi hata awe nani, wanaotoka swala ya alfajiri wanapitia hapo moja kwa moja wanakaa. Ukija saa moja utasimama mlangoni na mahamri yatakuwa yamebaki ya chini ya sinia.