Shokapu za gesi au za mafuta?

Shokapu ndiyo inayotuliza mdundo wa gari barabarani, na aina zote mbili zina mafuta ndani. Ya gesi imeongezewa naitrojeni yenye mgandamizo, inayozuia mafuta yasifanye povu shokapu ikipata moto. Hapo ndipo ninapoegemea gesi: kwenye safari ndefu ya barabara mbovu, ya mafuta hupata moto sana, povu likajaa, gari likaanza kudundadunda na kuyumba kila kona. Ya gesi hulegea kidogo tu.

Ya mafuta kwa kawaida ni laini zaidi. Kwa mizunguko ya mjini inatosha kabisa.

Ukiona shokapu imelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake, imekwisha, na ubadilishe jozi nzima, ya mbele au ya nyuma. Fundi akitaka kufunga moja tu, mkatalie.