Kuacha nyama tu, au kuacha mpaka maziwa na mayai?

Kiukweli kuacha nyama na samaki tu hapa Dar sio ishu, kwa mama ntilie unaagiza wali maharage na mchicha, jioni chipsi mayai, asubuhi chai ya maziwa, maisha yanaenda. We uliza tu kama kwenye mboga hamna dagaa, maana kuna watu dagaa kwao hawahesabiki kabisa yaani.

Vegani, yaani kuacha mpaka maziwa na mayai, ndo kasheshe. Chipsi mayai hamna, chai inabaki ya rangi, maandazi mengine yana maziwa, chapati zingine zina samli, sa utamuuliza nani saa moja asubuhi na foleni iko nyuma yako? Ila ukipika mwenyewe raha, kisamvu cha nazi na karanga, makande, kunde, bamia, na bei poa. Alafu vitamini B12 usiizembee, kwenye mimea hamna ya kutegemea, anaekunywa maziwa na kula mayai anapata kiasi, vegani lazima ameze vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa.

Maziwa ya soya ya supamaketi sisemi, bei yake mmh.

Kama unakula nje kila siku mi ningesema anza na kuacha nyama na samaki tu, vegani ngoja uwe na jiko lako.