Shure SM58 kwa makundi ya akapela: nunueni kwa ajili ya besi, si kwa ajili ya kwaya nzima

Makundi ya vyuo hapa Dar yakianza kujiandaa na mashindano ya sauti tupu, michango ya kwanza huishia kwenye sare. Ya pili huenda kwenye maiki, na maiki inayotajwa karibu kila mara ni Shure SM58. Chaguo lenyewe si baya. Kinachoharibu ni kununua nne, kuzisimamisha kwenye mstari mbele ya waimbaji kumi na wawili, kisha kushangaa kwa nini spika zinatoa sauti ya pangaboi za ukumbi kuliko sauti ya tatu. Hapa tunaitazama kwa kazi moja tu: akapela jukwaani, mbele ya majaji.

Maiki yenyewe iko sokoni tangu 1966 na umbo halijabadilika sana. Ina uzito wa gramu 298, inasikia kuanzia Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) hadi 15,000, na haihitaji umeme kutoka kwenye miksa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti. Inasikia vizuri zaidi mbele, kidogo pembeni, na nyuma kabisa karibu haisikii kitu. Ile inayouzwa kama SM58-LC huja na kishikizo cha stendi na kipochi cha zipu, waya unajinunulia. Ikianguka jukwaani, mara nyingi kinachobonyea ni wavu wa kichwani, na wavu huo unauzwa peke yake (RK143G).

Majaji sasa. Mashindano makubwa ya akapela ya vyuo, ICCA (International Championship of Collegiate A Cappella), yalianza Marekani mwaka 1996, na mwaka 2016 kombe lilivuka bahari baada ya Techtonics wa Imperial College London kushinda. Kule alama hugawanywa kati ya kinachosikika na kinachoonekana, na juu yake jaji anapanga makundi kwa jinsi yalivyomgusa. Usafi wa noti, sauti kuchanganyika, mdundo kukaa pamoja, matamshi, kupanda na kushuka kwa nguvu, mpangilio wa wimbo, mwimbaji kiongozi. Hakuna kisanduku cha maiki kwenye karatasi ya alama. Lakini maiki iliyoshikwa vibaya inaweza kukula alama kwenye visanduku vitatu kwa mpigo, na hapo ndipo SM58 inapostahili kujadiliwa.

Anzeni na besi. Kundi la akapela halina gitaa la besi wala kinanda, kwa hiyo mtu mmoja au wawili wanabeba sakafu yote ya wimbo. E ya chini ya besi iko Hz 82. Besi mzuri, na kwenye makundi ya Wasabato hapa mjini wapo wengi, anashuka hadi C ya Hz 65. SM58 peke yake imepunguzwa kidogo huko chini, ila ina tabia moja inayowafaa: mdomo ukiisogelea sana, besi inavimba. Besi aiguse kwa midomo, ainamishe kichwa cha maiki kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" isiingie moja kwa moja, na aimbe kwa nguvu ya kawaida. Akianza kusukuma noti ya chini kwa koo, itapanda na kwenda shapu.

Halafu kuna kitufe. Kwenye miksa nyingi, kila chaneli ina kitufe cha kukata sauti za chini, kimeandikwa HPF au Low Cut, na huanza kukata kwenye Hz 80 au 100. Mafundi mitambo wamezoea kukibonyeza kwenye maiki zote za waimbaji, na kwa mhubiri au MC wako sahihi kabisa. Kwa besi wenu kitufe hicho ni msumeno: Hz 65 yake inakatwa, na jaji anaona mtu anatikisa mdomo tu. Mwendeeni fundi mapema, kwa heshima, mwambieni chaneli ya besi na ya bitiboksi (anayepiga ngoma kwa mdomo) ziachwe bila kitufe hicho, na za waimbaji wengine kibaki. Hii haiwagharimu hata shilingi, na katika ushauri wote ulio hapa ndiyo inayobadilisha zaidi kinachosikika ukumbini.

Mtu wa bitiboksi naye maiki iwe mdomoni. Wengi hupenda kufumbata kichwa cha maiki kwa kiganja ili kiki, yaani mlio wa ngoma kubwa, itoke nzito. Inatoka nzito kweli, lakini kiganja kinaziba matundu ya nyuma yanayoifanya SM58 isisikie upande wa monita (spika inayowarudishia waimbaji sauti zao), na papo hapo spika zinaanza kupiga mluzi. Ashike mpini. Kosa la pili ni la sauti: bitiboksi ikiwa juu, inafunika maneno. Kwenye kujaribu mitambo wekeni besi kwanza, halafu kiongozi, bitiboksi mwisho kabisa, na ipandishwe hadi pale tu ambapo ukiiondoa wimbo unalegea.

Mwimbaji kiongozi akae vidole viwili kutoka kwenye wavu, na kwenye noti kubwa aivute hadi shubiri moja. Akigeuza shingo kumtazama mwenzake bila maiki kufuata, sauti inapotea neno zima. Kama kucheza jukwaani kunamlazimu kugeuka, mkono na kichwa vigeuke pamoja. Makundi yanayobadilishana viongozi katikati ya wimbo yafanye mazoezi ya kupokezana maiki kama yanavyofanya mazoezi ya noti, maana vishindo vya vidole kwenye mpini vinasikika ukumbi mzima. Monita iwekwe sakafuni mbele ya mwimbaji, mkia wa maiki ukiielekea. SM58 ni kiziwi zaidi huko nyuma.

Na wale tisa waliobaki? Hapa ndipo SM58 inaposhindwa, na inashindwa kwa hesabu. Kila umbali kutoka mdomoni unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika hupungua takriban desibeli 6. Kutoka sentimita 5 hadi 80 umbali umeongezeka maradufu mara nne, yaani desibeli 24 zimepotea. Fundi anapandisha chaneli kuzirudisha, na pamoja nazo anapandisha feni, miguu na monita, mpaka inalia. Kwa kundi zima mnahitaji maiki mbili za kondensa (aina inayohitaji umeme) kwenye stendi, zenye kupewa volti 48 na miksa. Kama ukumbi hauna, ni afadhali tisa hao waimbe bila maiki yoyote, kwenye nusu duara iliyobana, na besi na kiongozi washushwe chini hadi walingane nao. Kwenye ukumbi wa watu mia mbili inatosha.

Kulingana huko hakununuliki. Sauti huchanganyika pale irabu zinapokuwa moja, na kwa hilo Kiswahili kinatupendelea: a, e, i, o, u zetu hazipindipindi. Kinachotuangusha ni "m" na "n" zinazosimama peke yake. Kwenye "mtu" au "nchi", herufi ya kwanza ni silabi kamili na inastahili noti yake, midomo ikiwa imefungwa. Nusu ya kundi ikiimba "mtu" na nusu nyingine "mutu", mpigo unapasuka na jaji anaandika kitu kuhusu mdundo kumbe kosa ni la matamshi. Amueni silabi kwa silabi, kabla ya kuongeza hatua moja ya kucheza.

Kushuka kee, yaani kundi zima kuteleza chini ya noti lilizoanza nazo, ni kosa jingine lisilo na dawa dukani. Mpeni kila mtu do kwa filimbi ya noti, imbeni wimbo mzima, halafu pigeni ile do tena. Mkikuta mmeshuka nusu toni, tafuteni sehemu mbili: noti zinazorudiwa rudiwa palepale, na ngazi zinazoteremka, ambapo kila hatua huchukuliwa ndefu kupita kiasi. Mi ya kodi (noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja) nayo hulala; mwenye mi aifikirie juu. Mkishindwa kabisa, hamisheni wimbo nusu toni juu au chini. Mara nyingi unatulia, kwa sababu noti ngumu zimetoka pale sauti inapobadilika kifuani kwenda kichwani.

Tukirudi dukani: SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoigwa sana duniani, na Kariakoo si kisiwa. Marekani mpya huuzwa karibu dola 100, kwa hiyo ukipewa mbili kwa bei ya moja, na bado muuzaji anakubembeleza, umeshapata jibu. Omba mizani, ikiwa nyepesi sana kuliko gramu 298, rudisha. Iunganishe na spika, sugua mpini kwa kidole: halisi ina mto ndani unaopunguza vishindo, bandia inakoroma. Swichi peke yake si ushahidi wa ubandia, kwani Shure wenyewe wanatoa SM58S yenye swichi. Lakini kwa mashindano chukueni isiyo na swichi. Kidole gumba cha mtu mwenye wasiwasi kitaizima.

 Baada ya mazoezi kadhaa sponji ya ndani ya wavu huanza kunuka, na mate yaliyoganda huziba sauti za juu: "s" na "ch" za kiongozi zinakuwa butu. Fungua wavu kwa kuuzungusha, uoshe kwa maji, sabuni kidogo na mswaki laini, ukauke kabisa ndipo urudishe. Kapsuli, ile sehemu ya ndani inayonasa sauti, isiguswe na maji.

Tatu zinatosha: besi, bitiboksi, kiongozi. Ya nne ni kwa wimbo wenye viongozi wawili tu. Fedha ikibaki, nunueni waya imara za mita 6 kwa kila moja pamoja na ya akiba, na fanyeni mazoezi mara moja kwa wiki mitambo ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika katikati ya wimbo siku ya mashindano, kundi lililozoea hivyo halitakosa mpigo.