Darasa la Jumamosi la uchumi wa Kurdistan, Area C Dodoma: nyota nne

Kwa walioko Dodoma na wanapenda mambo ya uchumi, kuna jamaa wanaendesha darasa Jumamosi jioni huku Area C, kiingilio buku tano na chai juu yao, mi nimeingia la Kurdistan ya Iraki, lile jimbo la Wakurdi kaskazini mwa Iraki lenye serikali yake, na kiukweli hela yangu imerudi yote.

Mtoa mada hana mbwembwe kabisa. Aliacha projekta akachukua chaki, akachora miji yao ya Duhok, Erbil na Sulaymaniyah, afu akavuta mstari mrefu mpaka bandari ya Ceyhan kule Uturuki, akasema hili ndo bomba la mafuta, sasa niambieni koki kashika nani. Ukumbi kimya. Wakurdi wanachimba ila hawana bahari, bomba linapita kwa jirani na Baghdad, yaani serikali kuu ya Iraki, inasema mafuta ni ya nchi nzima, ndo maana Machi 2023 mahakama ya usuluhishi ya Paris ilipoiamuru Uturuki iilipe Iraki kama dola bilioni 1.5 kwa kupitisha mafuta ya Wakurdi bila ruhusa ya Baghdad, bomba likafungwa, likaja kufunguliwa Septemba 2025, muda wote huo mafuta yanabebwa na malori na kuuzwa ndani kwa bei ya hasara.

Alipofika 2014 ndo nilielewa zaidi. Baghdad imekata fungu la bajeti la Wakurdi, Daesh (wale magaidi wa ISIS) wameingia mji wa jirani wa Mosul, bei ya mafuta imeporomoka, wakimbizi wanamiminika, vyote mwaka mmoja, na serikali ya Wakurdi ina watu zaidi ya milioni moja wanaosubiri mshahara au pensheni. Sisi wa mji wa watumishi hili halihitaji maelezo, mshahara ukichelewa wiki tu mama ntilie, bodaboda na mwenye nyumba wote wanalia, wenzetu wamekaa miezi na miezi na wakilipwa wanakatwa.

Kipande cha kilimo kilinigusa sana. Vijiji maelfu vilibomolewa na jeshi la Saddam, hasa kwenye Anfal ya 1988, ile operesheni ya kuwaangamiza Wakurdi, watu wakasukumwa mjini, halafu mpango wa UN wa Iraki kuuza mafuta ili inunue chakula, ulioanza 1996, ukaleta unga wa nje wa kugawa na ngano ya mkulima wa pale ikakosa mnunuzi. Mzee mmoja mkulima wa zabibu wa Hombolo akauliza sa nani atarudi shamba kama soko hakuna, na mtoa mada akalijibu swali kwa heshima, hakuliruka.

Nyota moja naikata kwa sababu uwezo wa Wakurdi kiuchumi ulipewa dakika za mwisho tu. Sheria ya uwekezaji ya 2006 yenye msamaha wa kodi miaka 10, mabwawa ya Dukan na Darbandikhan, gesi ya kisima cha Khor Mor inayoendesha mitambo ya umeme, vyote vilipita mbio mbio, wakati Khor Mor peke yake inatosha jioni nzima maana droni iliua wafanyakazi wanne pale Aprili 2024, na hakuna mwekezaji asiyeuliza ulinzi kwanza. Mtu akitoka pale anaweza kudhani Wakurdi ni wa kuhurumiwa tu, na sio kweli hata kidogo.

Mengineyo, wanachelewa kuanza, feni ni moja na spika inakoroma, so kaa mbele na beba maji. Wakiweka kipindi cha pili cha gesi na kilimo mi nipo hata wakipandisha kiingilio.