Punda kwenye kamba ya nguo

Kitabu hiki cha picha cha watoto nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, shilingi 200, kwa sababu tu kurasa zake ni za kadibodi na mwanangu huchana kila kitu. Hadithi ni ndogo: jioni mwenye shamba anawatafuta wanyama wake wakalale, nao wamejificha ovyo. Ng'ombe kasimama nyuma ya ufagio. Bata kajifunika sufuria, miguu nje. Punda ananing'inia kwenye kamba ya nguo katikati ya mashuka, masikio wima.

Kwa punda ndipo tulipokwama. Mwanangu ana miaka mitatu, na hapa Majengo, Mombasa, punda wa mkokoteni anamjua vizuri. Mimi najitia sioni: "Punda yuko wapi? Mbona naona nguo tu?" Yeye anarukaruka kitandani, "Mama, masikio! Masikio yale!" Siku ya nne nilimkuta uani nyuma ya leso za bibi yake zilizoanikwa, nyayo zaonekana, kanyamaza kimya akingoja atafutwe.

Maandishi ni ya Kiingereza, yana vina, na ukianza kutafsiri mtoto ameshafunua ukurasa mwingine. Nimeyaacha. Naonyesha picha, nauliza, nakosea makusudi.

Kondoo alitupa kazi. Hawa wetu wana manyoya mafupi na mkia mnono. Wa kitabuni kafura sufu nyeupe, kajilaza juu ya kitanda cha mwenye shamba. Mtoto akasema huo ni mto wa sufi. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikaona mwenye shamba naye kadanganyika vilevile, kamlalia kichwa.

Nguruwe yumo pia. Bibi yake mtoto aliuliza, "Na huyu kwenye tope?" Nikamwambia. Akasema, "Haya, funua." Lakini kwa bata mwenye sufuria yeye ndiye acheka kutushinda sote.

Kasoro ni gundi. Kwa joto na unyevu wa Mombasa, mgongo uliachia mwezi wa pili tangu nikinunue, na mtoto wa dadangu anayeota meno ameshaila pembe ya jalada. Nimefunga kwa selotepu. Ukipata kipya, kikunje kidogo ukague mgongo kabla hujalipa.

Na kama wataka mtoto alale, kisome alasiri. Ukurasa wa mwisho wanyama wote wamelala fofofo, ila wangu husema turudi kwa punda. Jana tulirudi mara sita.